Marafiki sita, meza moja, katikati ya wiki

Swali: Tuko sita, tulisoma pamoja, na sasa kila mmoja ana kazi na familia yake. Tunataka kula chakula cha jioni mkahawani katikati ya wiki, jambo la kawaida tu, si sherehe. Mara iliyopita wawili walichelewa, chakula kikaja kwa mafungu, muziki ulitulazimisha kupiga kelele, na bili ilipofika pesa zilipungua mpaka mmoja wetu akanuna. Nifanye nini safari hii ili tukae vizuri na kesho yake tuamke kwenda kazini?

Jibu: Dada yangu, hayo yote uliyoyataja yana chanzo kimoja. Mambo yaliyotakiwa kuamuliwa kabla watu hawajatoka makwao yaliachwa yaamuliwe mezani, watu wakiwa na njaa. Na mezani hakuna anayetaka kuonekana bahili, au mkali wa saa, au mchaguzi wa chakula, kwa hiyo kila mtu hunyamaza na jambo hujiamulia lenyewe. Marafiki wa zamani huumia zaidi hapo kuliko wafanyakazi wa ofisi moja, maana wanaoneana haya kwa mambo ya pesa lakini hawasahau. Kumbuka mmekuja kuzungumza. Chakula, mahali na saa vyote vipimwe kwa swali moja tu: je, vitawaongezea nafasi ya kusikilizana au vitawapunguzia?

Anza na tarehe. Usiwaulize watu sita "lini mna nafasi?", kwa sababu utapata majibu sita yasiyokutana. Toa siku mbili tu, taja saa, na useme kura inafungwa lini, tuseme baada ya siku mbili. Jumanne, Jumatano na Alhamisi ndizo nzuri. Ijumaa kelele na foleni huongezeka, na Jumatatu baadhi ya mikahawa hufunga au hupika sehemu tu ya menyu. Siku yenyewe, mchana, tuma ujumbe mfupi wa kuthibitisha. Anayetaka kujitoa atajitoa saa hiyo badala ya saa kumi na mbili jioni, nawe utaweza kuwaarifu mkahawani kwamba meza ni ya watano.

Kama kuna mwenzenu aliyepotea miaka mingi na mnasita kumwalika, mwalikeni. Utafiti wa Peggy Liu na wenzake uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mtu anayemtafuta rafiki wa zamani hukadiria chini furaha anayoipata yule anayetafutwa, na kadiri salamu zinavyokuja bila kutarajiwa ndivyo furaha hiyo inavyokuwa kubwa. Ila mtumie mwaliko wake peke yake. Kumwingiza ghafla kwenye kundi la simu lenye mazungumzo ya miaka mitatu ni kumfanya ajione mgeni kabla hajafika.

Sasa saa. Watu sita wanaoagiza, wanaokula bila haraka na wanaolipa huhitaji kama saa mbili. Dakika kumi na tano huenda kwenye kufika na kusalimiana, kumi kwenye kusoma menyu na kuagiza, ishirini na tano hadi arobaini jikoni, arobaini au zaidi kwenye kula, na kumi na tano kwenye bili. Ukianza saa mbili usiku utamaliza saa nne, halafu kuna njia ya kurudi. Anza saa kumi na mbili na nusu jioni, agizeni saa moja kamili, bili iitwe saa mbili na nusu. Kuna sababu ya kiafya pia: anayesumbuliwa na kiungulia hushauriwa amalize kula kiasi cha saa mbili au tatu kabla ya kulala, kwani akilala tumbo likiwa limejaa, asidi hupanda kirahisi kwenye umio.

Katika mwaliko andika saa mbili tofauti: saa ya kufika na saa ya kuagiza. Hii ya pili ndiyo inayoondoa ugomvi wa wachelewaji. "Tunafika saa 12:30, oda inaenda jikoni saa 1:00. Ukichelewa nitumie unachotaka, nitakuagizia." Mchelewaji akiagizwa pamoja na wenzake, sahani yake inatoka nao. Akija na kuagiza mwenyewe dakika ishirini baadaye, oda yake inaingia jikoni kama ya meza nyingine na kusimama nyuma ya zilizotangulia. Hapo ndipo mnapata ile hali ya watano kula huku mmoja akiwatazama, kisha yeye kula huku watano wakitazama saa.

Unapopiga simu kuweka meza, piga kati ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri. Wakati huo msimamizi ana nafasi ya kukusikiliza. Muulize jikoni wanapokea oda ya mwisho saa ngapi, maana saa hiyo hutangulia saa ya kufunga, mara nyingi kwa nusu saa hadi saa nzima, na siku za kazi jiko huweza kufungwa mapema zaidi. Muulize kama meza ina kikomo cha muda, kwa sababu mikahawa mingi hutoa dakika tisini au saa mbili kisha meza inasubiriwa na wengine. Muulize pia kama wanakubali bili kugawanywa, kama ada ya huduma tayari imo ndani ya bili, na kama muziki wa jukwaani upo usiku huo. Simu nzima ni ya dakika tatu.

Kelele inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndiyo huharibu jioni nyingi bila watu kujua kilichoharibu. Mwaka 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza kwamba mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti yake bila kukusudia. Mkahawani kila meza inafanya hivyo kwa wakati mmoja: ninyi mnapandisha sauti ili mshinde meza ya jirani, nao wanapandisha ili wawashinde ninyi, na msimamizi anaongeza muziki ili usikike. Ukumbi uliokuwa mtulivu saa moja unakuwa soko saa mbili, ingawa waliongezeka watu wachache tu. Sauti ya kawaida ya mtu anayezungumza, ukiwa umbali wa mita moja, ni kama desibeli 60. Ukumbi ukifika 75, lazima mpaze sauti, na baada ya saa nzima koo zinakauka na wale wenye sauti ndogo wanaacha kuchangia. Utadhani wamechoka au wamekasirika, kumbe wameshindwa tu kusikia.

Umri unaongeza tatizo. Masikio hupoteza kwanza sauti nyembamba, na humo ndimo zilimo konsonanti kama s, f na t. Mtu anasikia kwamba fulani anasema, lakini maneno hayashiki. Atacheka wenzake wakicheka, basi.

Kwa hiyo chagua ukumbi kwa macho kabla ya masikio. Vigae sakafuni, kuta za kioo na saruji tupu, dari ya juu isiyo na kitu: hapo sauti inagonga na kurudi. Mapazia, zulia, viti vyenye vitambaa na dari yenye mbao au vibao laini huimeza. Sehemu ya nje isiyo karibu na barabara mara nyingi ni nzuri kuliko ndani. Kisha omba meza ya pembeni au ya kona, mbali na spika, mlango wa jikoni, kaunta ya vinywaji, mashine ya kahawa na njia ya kwenda chooni. Ukienda kupakagua siku nyingine kabla, pita saa ile ile mtakayokutana. Ukumbi ulioukuta mtupu saa kumi jioni haukuambii lolote. Programu ya simu ya kupimia kelele inatosha kukupa makadirio, lakini hata bila hiyo kuna kipimo rahisi: kaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mwenzako, zungumza kama mko sebuleni. Akisema "eeh?" mara mbili, tafuta mahali pengine. Na mkishakaa, kuomba muziki upunguzwe ni haki yenu kabisa. Ombeni mapema na kwa upole, ukumbi haujajaa, kwa sababu baadaye kupunguza muziki hakutasaidia kitu.

Ukubwa wa meza nao ni jambo la sauti. Umbali ukiongezeka maradufu, sauti inayokufikia moja kwa moja kutoka kwa msemaji inapungua kama desibeli 6. Meza ya duara yenye kipenyo cha sentimita 120 hadi 130 inawatosha watu sita, kila mmoja akipata nafasi ya kama sentimita 60 ukingoni. Mkipewa ya sentimita 180 kwa kuwa "ni pana zaidi", kataeni kwa adabu, maana mtakuwa mnazungumza na jirani wa kulia na wa kushoto tu. Meza ndefu ya mstatili ikiwa ndiyo pekee iliyopo, mpe kiti cha katikati yule mkimya au yule aliyepotea miaka mingi, kwani aliye katikati hufikiwa na pande zote mbili, na aliye mwishoni hubaki na nusu ya meza. Mzungumzaji mkubwa aende mwishoni. Atasikika tu. Asiyesikia vizuri sikio moja akae mwisho upande ambao sikio zima linawaelekea wenzake. Anayevaa kifaa cha kusaidia kusikia aipe kelele mgongo na kuwatazama wenzake, kwa sababu vifaa vingi huchukua zaidi sauti inayotoka mbele.

Usihangaike mazungumzo yakigawanyika mafungu mawili. Robin Dunbar na wenzake walichunguza vikundi vya watu wanaoongea kwa hiari yao, na mwaka 1995 wakaandika kwamba mazungumzo mamoja hubeba watu wanne hivi, wakizidi hapo kundi hupasuka. Sita watagawanyika tatu na tatu, au wanne na wawili. Kinachodhuru ni mgawanyiko ule ule kudumu jioni nzima. Sahani zikishaondolewa, watu wawili wabadilishane viti. Aanze mmoja kwa kusema, "Naomba nikae na fulani kidogo," naye huyo mwingine ahame. Inatosha.

Kuhusu chakula chenyewe nitakuwa mfupi. Chakula kuja kwa mafungu kwa kawaida si uzembe wa mhudumu. Samaki mzima au kuku mzima wa kuoka anaweza kuchukua dakika arobaini, wakati saladi haifiki kumi. Jiko lisipoambiwa, litatoa kila kilichoiva kwanza, au litashikilia vilivyoiva chini ya taa za joto mpaka cha mwisho kiive, na vile vilivyosubiri vitakauka. Kwa hiyo mkiagiza, anzeni kwa kumuuliza mhudumu ni kipi kinachochukua muda mrefu, halafu mseme wazi mnataka vyote vitoke pamoja. Mwenye kuhitaji kinachochelewa akitaje kwanza. Agizeni kitu chepesi cha pamoja kije mapema, kwa sababu njaa ya mtu aliyetoka kazini hufanya dakika ishirini ziwe saa. Vyakula vya pamoja kwa watu sita: vitatu au vinne vya ukubwa wa kawaida vinatosha kuanzia, mkipungukiwa mtaongeza. Mwenye mzio wa karanga, samaki wa gamba (kama kamba na kaa) au maziwa asiseme "sipendi", aseme "nina mzio", kwani jikoni neno la kwanza huondoa kiungo kwenye sahani, neno la pili hubadilisha chombo na mafuta ya kukaangia.

Simu zikae mikobani. Mwaka 2018 Ryan Dwyer, Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn walichapisha jaribio lililofanywa mkahawani kwa watu zaidi ya 300 waliokula na ndugu au marafiki. Walioachiwa simu mezani walivurugika mawazo zaidi na kufurahia kidogo kuliko walioziweka kando. Aliye zamu kazini au mwenye mtoto mgonjwa aseme tangu mwanzo kwamba ataacha simu yake wazi, na wengine hawatamfikiria vibaya. Picha ipigwe mara moja, wakati wa kuagiza, na mhudumu. Mkisubiri mwisho, mmoja atakuwa ameshaondoka.

Kuna kosa moja la mazungumzo ambalo ningependa mliepuke: ile desturi ya kuzunguka meza, "haya, kila mtu atueleze yuko wapi sasa". Inageuka usaili wa kazi. Aliyeachishwa kazi, aliyetengana na mwenzi wake, anayehangaika kupata mtoto, wote wanalazimika kuchagua kati ya kudanganya na kujianika mbele ya watu watano. Acha habari hizo zije zenyewe katika mazungumzo ya wawili watatu. Kuulizia jambo dogo unalolijua, kama mama yake anaendeleaje au kama bado anacheza mpira, humfungua mtu kuliko swali pana.

Nayo saa ya kuondoka itamkwe mapema, watu wakiwa bado wanafurahi. Utafiti wa Adam Mastroianni na wenzake wa mwaka 2021 uligundua kwamba ni mara chache sana mazungumzo huisha wakati wanaozungumza wote wangetaka yaishe, kwa sababu kila mmoja hukisia vibaya anachotaka mwenzake na kuficha anachotaka yeye. Katikati ya wiki kukisiana huko kunakula usingizi. Mkisema saa mbili na nusu bili inakuja, anayetaka kwenda ana ruhusa na anayetaka kubaki anajua anabaki na nani. Anayekunywa pombe ahesabu pia: ini huondoa takriban kinywaji kimoja cha kawaida kwa saa, na kahawa haiharakishi kazi hiyo. Anayeendesha gari aamue kabla ya glasi ya kwanza. Kahawa yenyewe, ikinywewa saa tatu usiku, nusu ya kafeini yake huwa bado mwilini saa nane usiku kwa mtu wa kawaida.

Tumefika kwenye bili, na hapa naomba unifuate kwa makini, kwani huenda mwenzenu alinuna bila kudhulumiwa na mtu. Pesa hupungua kwa sababu ya hesabu. Kila mmoja anakumbuka bei aliyoiona kwenye menyu, anaitoa, anaondoka na dhamiri safi. Lakini pale ambapo menyu haina kodi na ada ya huduma ndani yake, jumla ya bei za menyu si jumla ya bili. Tuseme vyakula na vinywaji vya menyu ni 200 kwa sarafu yoyote ile, na bili imekuja 236. Wote wakilipa bei ya menyu tu, 36 zinamwangukia aliyebaki na bili mkononi. Dawa yake: gawanya jumla ya bili kwa jumla ya menyu, 236 kwa 200, upate 1.18. Kila mtu azidishe hesabu yake kwa namba hiyo. Kama vyakula vya pamoja vilikuwa 60, kila mmoja ana 10. Aliyeagiza vyake vya 25 ana 35 jumla, na anatakiwa kutoa 41.3. Hakuna senti itakayopungua.

Kugawana sawasawa ni rahisi zaidi, ila kuna mtego wake. Mkiwa sita, sahani ya 30 unayoiongeza inakugharimu 5 tu, nyingine 25 wanabeba wenzako. Uri Gneezy, Ernan Haruvy na Hadas Yafe walilijaribu jambo hili mkahawani na kuchapisha matokeo mwaka 2004: watu walioambiwa watagawana bili sawasawa waliagiza vya gharama kubwa kuliko walioambiwa kila mtu atalipa chake, ilhali wengi wao walipoulizwa mwanzoni walipendelea kulipa kila mtu chake. Wale hawakuwa marafiki. Marafiki hujizuia zaidi, lakini pia huficha zaidi, na yule aliyekunywa maji tu akalipia chupa za wenzake hatasema kitu. Safari ijayo atakuwa "na dharura".

Kwa kundi lenu ningechagua njia ya kati. Vyakula vya pamoja mgawane sawa, pombe na sahani kubwa za mtu mmoja kila mtu abebe yake. Tofauti kati ya aliyekula vingi na aliyekula vichache ikiwa ndogo, chini ya robo hivi, gawaneni sawa na msihangaike na hesabu. Utaratibu huo uandikwe kwenye mwaliko wenyewe pamoja na makadirio ya gharama kwa mtu, na mahali pachaguliwe kwa kumfikiria mwenye mfuko mwembamba kuliko wote, bila kumtaja. Mkitaka bili tofauti, mwambieni mhudumu kabla ya kuagiza, kwa sababu huandika kila kitu kwa kiti au kwa mtu tangu mwanzo, na kuichambua bili moja mwishoni ni kazi ya dakika nyingi akiwa na meza nyingine zinazomwita. Na kama kuna anayetaka kuwalipia wote, amalizane na mhudumu kimya kimya kabla bili haijafika mezani. Kuvutana bili mbele ya watu kunamtia aibu asiyeweza kuvuta.

Katikati ya wiki, mtu mmoja kulipa yote na wengine kumtumia kwa simu ndiyo njia ya haraka, maana kadi sita zikipita kwenye mashine moja baada ya nyingine kila moja inakula dakika yake. Mlipaji aisome risiti kwanza mstari kwa mstari. Kitu kilichoandikwa mara mbili, au kilichoagizwa kisha kikasitishwa, ni makosa ya kawaida na hurekebishwa papo hapo bila maneno. Aangalie kama ada ya huduma imo kabla ya kuweka bakshishi juu yake. Mabaki ya chakula yafungwe sasa hivi, si mkiwa mmesimama mlangoni: chakula kilichopikwa hakifai kukaa nje ya jokofu zaidi ya saa mbili, na kukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 32 ni saa moja tu, kwa hiyo anayepitia kwingine amwachie anayekwenda nyumbani moja kwa moja. Kisha mlipaji apige picha ya risiti, aiweke kwenye kundi, na chini yake aandike jina la kila mmoja na kiasi chake kabla hamjainuka. Deni lenye namba hulipwa usiku ule ule. Lile la "tutahesabiana" ndilo linaloning'inia miezi, na mdai anaona haya kulitaja.